Umeshusha Ndai Ikakaa Fiti? Cheki Tairi Upande wa Ndani Kwanza

Beshte yangu alishusha Impreza yake Desemba. Akabadilisha springi, akavalisha rimu za inchi 17, akaosha, akapiga picha, likes zikamiminika. Na ukweli usemwe, ndai ilikuwa imekaa. Ile nafasi ya kupitisha mkono kati ya tairi na madigadi iliisha kabisa. Ungedhani inangoja kupungiwa bendera ya Safari Rally.

Miezi 4 baadaye tulikuwa tunaelekea Nakuru. Usukani ukaanza kutetemeka, tukasimama Gilgil kwa jamaa wa panchari tukidhani ni upepo tu. Jamaa akainama, akapitisha mkono nyuma ya tairi la mbele, akautoa mbio.

"Boss, hii ni waya."

Tulishuka wote kuangalia. Upande wa nje tairi lilikuwa na meno yake yote, safi, ungeweza kuuzia mtu. Upande wa ndani lilikuwa kipara mpaka waya zinachungulia. Dakika 10 kabla ya hapo tulikuwa tunachapa 100, na kiti cha nyuma alikuwa dadake na mtoi wa miaka 2. Hakuna aliyebonga kwa muda.

Hiyo ndiyo shida ya kushusha gari bila alaimenti. Tairi linaliwa upande ule huwezi kuona ukiwa umesimama ukiisifu ndai yako. Wacha nikueleze inatokeaje, na utafanya nini ili usilipie somo hili kama sisi.

Ukishusha gari, hujashusha gari tu

Wasee wengi hudhani ukiweka springi fupi, bodi inashuka na mambo mengine yanabaki venye yalikuwa. Zii. Gurudumu limeshikwa na mikono kadhaa ya chuma chini ya gari, na kila mkono una urefu wake na mahali pake pa kuzungukia. Bodi ikishuka, hiyo mikono inainuka upande wa gurudumu. Na kwa kuwa haizunguki kwa njia moja, gurudumu linavutwa au kusukumwa hadi mkao ambao kiwanda hakikupanga.

Mikao miwili ndiyo hukula tairi. Mafundi huiita kemba na tou.

Kemba ni jinsi tairi limeinama ukilitazama kutoka mbele ya gari. Fikiria msee amesimama ametanua miguu: juu inaingia ndani, chini inatoka nje. Hivyo ndivyo magurudumu ya gari nyingi hukaa yakishushwa. Uzito unaanza kulalia ukingo wa ndani wa tairi, na ukingo huo ndio unaisha kwanza.

Tou ni vidole vya miguu. Angalia gari kutoka juu, kama ndege. Je, pua za matairi mawili ya mbele zinaangaliana ndani, au kila moja inaangalia nje? Kushusha gari kunavuruga hii pia, juu tairodi inayoelekeza gurudumu haiendi sambamba na mkono wa chini. Moja ikisogea zaidi ya nyingine, gurudumu linageuka kidogo bila wewe kugusa usukani.

Adui mkubwa ni tou

Ukiskia watu wakibonga kuhusu gari zilizoshushwa, kila mtu analaumu kemba juu hiyo inaonekana kwa macho. Lakini kemba ya digrii 1 au 2 pekee yake hukula tairi polepole. Kinachomaliza tairi kwa miezi ni tou.

Piga hesabu na mimi. Haihitaji degree, na mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kuipata. Tuseme gurudumu limekosea tou kwa nusu digrii tu. Kwa kila kilomita 1 unayoenda, tairi hilo linaburutwa kando takriban mita 8.7. Ukitoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita 480 hivi, umeliburuta kando zaidi ya kilomita 4. Chukua kifutio, kibonyeze kwa meza, ukisukume kando. Sasa ongeza uzito wa gari na lami yenye joto ya Mtito Andei.

Changanya hiyo na kemba, ambayo tayari imeweka uzito wote upande wa ndani, na sasa unajua venye tairi la beshte yangu lilifika kwa waya likiwa bado linang'aa upande wa nje.

Usidanganyike pia na usukani. Gari inaweza kwenda moja kwa moja bila kuvuta upande wowote na tou ikiwa imeharibika vibaya. Kama magurudumu yote mawili yamekosea kwa kiasi sawa, yanasukumana, nguvu zinamalizana, wewe unaona barabara imenyooka. Tairi ndizo zinalipa.

Jicheki nyumbani, bila mashine

Kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, shuka, uangalie upande wa ndani wa tairi la mbele. Rudia upande ule mwingine. Kwa matairi ya nyuma, washa tochi ya simu, ingiza simu chini, piga picha. Linganisha meno ya ndani na ya nje. Kila tairi lina vijinundu vidogo ndani ya mifereji. Meno yakifika usawa wa hivyo vijinundu, yamebaki milimita 1.6, na hilo tairi safari yake imeisha.

Kisha tumia kiganja, gari ikiwa imezimwa na tairi limepoa. Na kama umeona waya, usiguse. Pitisha mkono polepole kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kurudi nje. Kama upande mmoja unateleza na upande mwingine unakwaruza kama magamba ya samaki au meno ya msumeno, hiyo ni tou. Kama ukingo wa ndani umeisha laini tu, kwa mteremko, hiyo ni kemba. Zikiwepo zote mbili, pole.

Skiza pia. Tairi lililoliwa vibaya huvuma ukiongeza mwendo, na watu wengi hukimbilia kubadilisha bearing wakidhani ndiyo inalia.

Ukienda alaimenti, enda na akili

Kwanza, wakati. Springi mpya hukaa chini kidogo zaidi baada ya kutembea. Rekebisha tou siku ile ile umeshusha, halafu urudi baada ya wiki moja au mbili za kuendesha ufanyiwe alaimenti kamili. Ukifanya ya kwanza tu, vipimo vitasonga. Ukingoja bila kufanya yoyote, unachoma tairi.

Pili, hakikisha chuma ni kizima. Bushi zilizokatika, boljointi zilizolegea na tairodi inayocheza zitaharibu vipimo kabla hujafika kwa geti. Na kuna kitu mafundi wengi huruka: bolti za mikono yenye bushi zinafaa kukazwa mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari ikiwa inaning'inia kwa jeki, bushi zinabaki zimejikunja kila siku na zinapasuka mapema.

Tatu, itisha magurudumu 4, si 2. Impreza ina mikono inayojitegemea nyuma, kwa hivyo tou ya nyuma nayo husonga ukiishusha, na inarekebishika. Kwa Vitz na Fielder nyingi za kuvuta mbele ni tofauti. Nyuma kuna boriti moja, kemba na tou hazibadiliki sana ukishusha, kwa hivyo kazi kubwa iko mbele.

Nne, itisha karatasi. Mashine inatoa vipimo vya kabla na vya baada. Tou irudi ndani ya kipimo cha kiwanda, kushoto na kulia zikaribiane. Fundi akikuambia "iko sawa" na karatasi inaonyesha nyekundu, usilipe bado.

Kuhusu kemba, kwa Impreza nyingi bolti ya juu inayoshika shoki ya mbele imetengenezwa ikizungushwa inasogeza kemba kidogo. Kama umeshusha sana, hiyo haitatosha. Utahitaji bolti maalum za kemba au mikono ya kurekebishwa. Kumbuka pia, ukigusa kemba tou inasonga, kwa hivyo kemba inafanywa kwanza, tou inafuata. Fundi akianza na tou halafu aguse kemba, mwambie arudie.

Na usikate springi

Najua, mresh umesota, na kuna msee mahali na grainda ambaye atakushushia ndai kwa bei ya chakula. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwa kiti chake. Gurudumu likining'inia kwa shimo au tuta, inaweza kuhama. Kuipasha moto kwa gesi ni mbaya zaidi, juu moto unaua ule ukakamavu wa chuma na springi inaendelea kushuka yenyewe. Halafu alaimenti yoyote uliyofanya inakuwa kazi bure, kwa sababu urefu wa gari unabadilika kila wiki. Na ukiwa na matuta kama yetu, shoki zinagonga mwisho wake kila siku.

Hesabu ya mwisho

Beshte yangu aliruka alaimenti ili kuokoa ganji. Garage iliyomshushia ilimwambia hakuna haja, gari haivuti. Hapo Gilgil tuliweka spea, tukaenda polepole hadi Nakuru. Na kwa sababu Impreza yake inasukuma magurudumu yote 4, haikufaa kuweka tairi 2 mpya na kuacha 2 zilizochakaa. Zikitofautiana kipimo, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika mpaka iharibike. Akanunua 4. Alaimenti ambayo aliikwepa ingemgharimu chini ya bei ya moja.

Ndai bado iko chini, na bado ni kali. Hakuirudisha juu, na sioni kwa nini angefanya hivyo. Kilichobadilika ni kwamba kila Jumamosi akiiosha anakata usukani mpaka mwisho, anainama, anaangalia nyuma ya tairi. Dakika 2 hivi. Dadake bado hukataa kupanda kabla hajaona akifanya hivyo.

Kama yako imeshushwa, toka nje uangalie leo. Usingoje safari.