Kitabu na kalamu: kitenzi kimfuate nani?

Mtoto wa Goma, mashariki mwa Kongo, ana lugha kadhaa za kusemea jambo moja dogo. Darasani atalisema kwa Kifaransa. Akicheza na jirani aliyekulia Gisenyi, hatua chache ng'ambo ya mpaka, atasema kwa Kinyarwanda “Igitabo n'ikaramu biri ku meza.” Mtaani Birere sentensi hiyo hiyo itakuwa “Kitabu na kalamu biko ku meza.” Na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza nacho kinabisha hodi: “The book and the pen are on the table.”

Sentensi ni fupi, lakini kitenzi chake kimebeba kazi ambayo wanaisimu wameichambua kwa zaidi ya miaka 50. Tuanze na Kiswahili sanifu. Kitabu kimepotea, kalamu imepotea. Kila nomino ina ngeli yake, na kitenzi kinavaa kiambishi cha ngeli hiyo. Sasa ziunganishe mbili kwa “na”. Ki- haitoshi, kwa sababu inaiacha kalamu nje, na i- inakiacha kitabu. Zi- ni wingi wa kalamu peke yake. Wengi wetu tunasema “vimepotea” bila hata kufikiri, ingawa kalamu haijawahi kuwa mwana wa ngeli ya vi-. Kiambishi hicho hakikutoka kwenye nomino zote mbili. Kimetoka, kwa maoni yangu, kwenye wazo la “vitu”: akili inaacha kuhesabu ngeli na kutafuta jina la jumla la kundi lililoko mbele yake.

Mwanaisimu Talmy Givón aliandika mwaka 1970 kuhusu migongano hii ya ngeli katika lugha za Kibantu, na mifano ya Kiganda imenukuliwa tangu hapo vitabuni. Waganda wakiunganisha watu wa ngeli tofauti, kitenzi kinachukua ba-. Wakiunganisha ng'ombe, mbweha na mtumbwi, kinachukua bi-. Kumbuka hapo kwamba ng'ombe ana uhai na mtumbwi hauna, na bado wanakaa chini ya bi- moja. Kiswahili kimechora mstari wake mahali pengine. Kwetu mnyama anaingia upande wa watu: “Kiboko na nyati wamevuka barabara,” atasema mvuvi wa Vitshumbi, na ki- ya kiboko haina nafasi yoyote kwenye kitenzi hicho. Maana imeshinda umbo.

Ipo njia nyingine, nayo si kosa la mlevi wala la mgeni. Eyamba Bokamba, mwanaisimu Mkongo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Illinois, aliijadili mwaka 1985 kwa mifano ya Kiswahili: kitenzi kinaweza kufuata nomino iliyo karibu nacho na kuisahau ile ya mbali. “Kitabu na kalamu imepotea.” Mwalimu atatia wino mwekundu hapo, lakini sikiliza watu wakiongea kwa kasi, utaisikia. Na kitenzi kikitangulia, jambo hilo linakuwa la kawaida kabisa. “Alifika Asha na mdogo wake” haimshtui mtu, ilhali “Asha na mdogo wake alifika” inakwaruza sikio. Kiarabu sanifu kina tabia hiyo hiyo: kitenzi kikitangulia, kinaweza kupatana na nomino ya kwanza tu.

Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo mwanafunzi wa Goma anadhani amepumzika. Kimebaki na swali moja tu, la idadi, lakini swali hilo lina mitego yake. Kitabu na kalamu vinataka “are”, wingi. Mkate na siagi vikiwa chakula kimoja kwenye sahani moja vinataka umoja: “Bread and butter is my breakfast.” Ukiweka “or” badala ya “and”, sheria ya shuleni inakuambia ufuate nomino ya karibu: “The teacher or the pupils are late,” lakini “The pupils or the teacher is late.” Na ukianza sentensi kwa “there”, Waingereza wenyewe husema “There is a book and two pens on the table,” kitenzi kikiwa kimepatana na kitabu kilichotangulia na kuziacha kalamu mbili. Yaani njia ya jirani wa karibu, ambayo mtoto wetu anasutwa nayo, imo katika Kiingereza cha kila siku.

Mtego unaowanasa zaidi wanafunzi wanaozungumza Kiswahili uko kwenye “na” yenyewe. Katika Kiswahili neno moja linaunganisha nomino na pia linataja mwandani wa safari: “Juma na Asha walikuja”, “Juma alikuja na Asha”. Mwanaisimu Leon Stassen alizigawa lugha za dunia kwa kigezo hiki mwaka 2000, na Kiswahili kina wenzake wengi, ilhali Kiingereza kiko upande wa pili, chenye “and” na “with” zisizochanganyikana. Ndiyo maana “The driver, together with his passengers, was arrested” inamshangaza msomaji wa Goma. Watu wote hao kituoni, halafu kitenzi kiko katika umoja! Kwa Kiingereza cha shuleni, aliyekamatwa kisarufi ni dereva. Abiria wamesindikiza tu.

“Na” hii ya pande mbili inatuokoa pia pale mtu anapokutana na kitu katika sentensi moja. Mwendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ameteremka mteremko akiwa amepakia gunia la viazi, gurudumu likagonga jiwe la lava. Tuseme nini? “Mwendesha chukudu na gunia wameanguka” inalifanya gunia kuwa mtu. “Vimeanguka” inamtukana mwendeshaji. Kiswahili kinakwepa: “Mwendesha chukudu ameanguka na gunia lake.” Kitenzi kinabaki na mtu, gunia linafuata nyuma.

Je, mzungumzaji mmoja hushika njia moja tu? Wanaisimu Franc Marušič, Andrew Nevins na William Badecker walilijaribu swali hilo kwa Kislovenia na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Walikuta njia tatu zikiishi pamoja: kufuata nomino ya kwanza, kufuata ya karibu, au kuacha zote na kuchukua kiambishi cha jumla. Sarufi ya mtu mmoja inaweza kubeba zaidi ya jibu moja sahihi.

Hapo ndipo ninapokataa kwa nguvu zote kauli kwamba Kiswahili cha Kongo ni kibovu. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na mwaka 2016 Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa kitabu cha matini na sarufi ya Kiswahili cha Kivu, kikionyesha lugha yenye mfumo wake. Muuza sambaza wa soko la Kituku anayesema “Sambaza na makala biko apa”, yaani samaki wadogo na mkaa viko hapa, hajavunja chochote. Amefanya hesabu ile ile ya “vipo hapa” ya Zanzibar na “biri hano” ya Gisenyi: vitu viwili, kiambishi kimoja cha vitu. Ba- kwa watu, bi- kwa vitu.

Utasikia pia “iko” kwa vitu viwili, na hapo Goma inanivutia kuliko mji mwingine wowote. Huenda ni mwangwi wa Kilingala: kile cha Kinshasa hutumia e- kwa vitu visivyo na uhai, kiwe kimoja au viwe kumi. Kwa hiyo kuna jaribio linalongoja mtu wa kulifanya, nalo halihitaji maabara. Chukua simu yenye kinasa sauti na picha za vitu viwili viwili: kitabu na kalamu, ndoo na kikapu, sufuria na panga. Waonyeshe watoto wa Himbi, Katindo na Majengo, waulize viko wapi, kisha uandike lugha ya nyumbani ya kila mmoja. Nikibashiri, mtoto wa Kinyarwanda, Kinande au Kihunde atajibu zaidi kwa “biko”, na mtoto wa familia iliyotoka Kinshasa atajibu zaidi kwa “iko”. Ikitokea kinyume, yaani wote wakajibu namna moja bila kujali lugha ya mama, basi mji wenyewe umekwisha kujitungia kanuni, na watoto wanajifunza barabarani kabla ya kujifunza nyumbani.