Doktora itasaidia nini mu Kasulo?

Papa akisikia mtoto ya jirani angali anasoma doktora, anauliza: hii masomo italeta bukari siku gani? Twende Kasulo, mu Kolwezi, kule watu walianza kuchimba kobalti ndani ya lupango 2014. Watafiti wa Unilu na wa Leuven, Ubelgiji, wakapima vumbi ya mu nyumba, damu na mukojo. Jibu ikatoka 2018: kobalti ilizidi sana kwa watoto, na hao hawashuke mu shimo! Wanachezea chini, wanalamba vidole.

Munganga peke yake hatoshi. Injenyeri atafute namna ya kupunguza vumbi, na mwenye kusoma maisha ya watu aulize sababu gani familia inachimba chini ya kitanda chake. Ile yote ni kazi ya doktora. Tukingojea, ba papa, nguo ya kazi ibakie inje mbele ya kubeba mtoto.