Fungua sanduku kabla hawajalifungua wengine



Wiki iliyopita binti yangu, aliyekuja likizo, alisimama kwenye mlango wa stoo akiwa amejifunga khanga kiunoni, akasema, "Baba, leo tuna-declutter." Nikamwambia aseme Kiswahili. Akafikiri kidogo, akasema, "Tunapunguza makorokoro."

Nikamjibu kama wazee wengi wanavyojibu: "Hayo si makorokoro, ni akiba. Na akiba haiozi." Hakubishana. Aliinua mfuko wa viatu vyangu vya zamani, soli zikadondoka zenyewe, na panya akaruka kutoka ndani. "Hii imeoza, Baba," akasema.

Huenda na wewe unacheka, lakini hebu fikiria nyumba yako. Kuna sahani za wageni ambazo wageni hawajazila kwa miaka kumi. Kuna mashuka mapya ambayo bado yamo kwenye nailoni, huku watoto wanalalia yaliyochanika. Kuna redio inayomsubiri fundi ambaye hajawahi kuitwa. Kuna nguo za mtoto ambaye sasa na yeye ana watoto.

Jioni ile nilifungua kamusi kuyatafuta maneno ya binti yangu, nikakuta mahubiri ndani yake. Neno "clutter", yaani vitu vilivyorundikana ovyo, limetokana na neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya kuganda, kama damu inavyoganda. Neno "hoard", ambalo leo ni la kumlaumu mtu anayelimbikiza, hapo kale lilimaanisha hazina. Na neno "tidy", ambalo leo ni nadhifu, lilitokana na neno lililomaanisha wakati; kitu cha namna hiyo kilikuwa kile kilichokuja kwa wakati wake. Kuganda, hazina na wakati. Tuyatazame moja moja.

Kwanza ni kuganda. Damu ikitembea ni uhai, ikiganda ndani ya mshipa inaua. Katika Kutoka 16, Waisraeli waliagizwa kuokota mana ya siku moja tu. Waliobakiza mpaka asubuhi walikuta imeingia mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili kwa ajili ya Sabato, na ile haikuoza.

Kwa hiyo methali yetu haijakosea. Ipo akiba isiyooza. Yusufu aliweka nafaka Misri kwa miaka saba, na njaa ilipokuja akafungua maghala. Ghala lake lilikuwa na siku ya kufunguliwa na watu wa kulishwa. Jiulize kuhusu kile ulichokifungia: kina siku? Kina mtu? Kama havipo vyote viwili, hiyo si akiba, kimeganda tu.

Pili ni hazina. Unamkumbuka tajiri wa Luka 12, aliyepanga kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Soma tena mfano ule uone jambo moja: mtu yule anaongea na nafsi yake tu. Hana mke katika maneno yake, hana jirani, hana hata mfanyakazi. Katika karne ya nne, Basili, askofu wa Kaisaria katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliuhubiri mfano huo na kuwaeleza waumini wake kwamba nguo waliyoifungia sandukuni ni mali ya asiye na nguo, na viatu vinavyoozea ndani ni vya yule anayetembea pekupeku.

Hapa naomba nikusimulie habari ya mama yangu. Tulipoanua matanga yake, sisi ndugu tulikaa mkekani na kufungua sanduku lake la bati. Tulihesabu doti 19 za khanga na vitenge, nyingi hazijapindwa hata upindo. Kadhaa tulimnunulia sisi wenyewe, Krismasi baada ya Krismasi. Tukimuuliza mbona huvai, alikuwa akijibu, "Nimeziweka, iko siku." Siku yenyewe ikawa ile. Za chini zilikuwa na ukungu, na mbili zilichanika kwenye mikunjo tulipozifunua.

Simhukumu mama. Alitulea mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, kama zilipatikana. Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Aliyepita pale anaelewa kwa nini mkono unasita kuachia. Masanduku yetu mengi yamefungwa na hofu, si uchoyo.

Na Bwana wetu analijua hilo. Angalia kinachofuata mara tu baada ya mfano wa tajiri: anawageukia wanafunzi, watu maskini wasio na ghala lolote, na kuzungumza nao juu ya wasiwasi wa chakula na mavazi. Alijua kwamba tajiri na maskini wanaweza kufungwa na kufuli lile lile.

Lakini liko lililoniuma. Pembeni ya mkeka alikaa jirani aliyemuuguza mama miezi yake ya mwisho. Alimchotea maji, akamkandia uji, akamfulia. Kitenge alichojifunga siku ile kilikuwa na kiraka. Tulimpa doti mbili nzuri. Alizipakata mapajani, akalia, kisha akasema taratibu, "Angenipa mwenyewe, ningemshukuru."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Mama alikuwa mkarimu, angempa hata nusu ya chakula chake. Ila hakuwahi kuiona furaha ya jirani yake juu ya kitenge kipya, na jirani hakupata wa kumwambia asante.

Ndiyo maana neno la tatu, wakati, ndilo zito kuliko yote. Watu walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwapeleka mbali. Katika Luka 3:11 aliwapa hesabu ya kabatini: mwenye kanzu mbili na amgawie asiye nayo. Hakusema mrithi wako ndiye atakayegawa.

Basi wiki hii chagua sehemu moja tu: sanduku, kabati au uvungu wa kitanda. Toa vyote nje, vipige jua, uvitenge mafungu matatu: unachokitumia, kinachomfaa mwingine, na kilichokufa. Cha mwenzako usikiguse bila kumuuliza, usije ukaanzisha vita ndani ya nyumba kwa jina la usafi.

Na fungu la pili lisiwe jalala. Nabii Malaki aliwakemea waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema. Ukimpa jirani kitu ambacho wewe mwenyewe unaona aibu kukishika, hujatoa sadaka, umehamisha taka. Fua kwanza, piga pasi, shona kifungo kilichotoka, kisha peleka kwa mkono wako mwenyewe.

Mimi na binti yangu tulimaliza stoo jua likizama. Nyuma ya makopo ya rangi tulikuta koti langu la harusi, jeusi, halijaliwa na mdudu. Nililiweka miaka yote hiyo nikijiambia nitapungua. Kijana mmoja wa kwaya yetu anafunga ndoa mwezi ujao, na nilijua anatafuta la kuazima. Alipolivaa lilimkaa kama lilishonwa kwa ajili yake. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, Mzee." Nikamkumbuka yule jirani wa mama.

Leo ukirudi kutoka ibadani, fungua sanduku moja. Afadhali ulifungue wewe, ungali hai, uisikie asante kwa masikio yako.