Majani na Mizizi kwa Utumbo wa Kuku wa Nyama

Kifaranga wa kuku wa nyama huanguliwa akiwa na uzito wa gramu 40 hivi, na akitunzwa vyema hupita kilo mbili katika majuma sita. Ukuaji huo hutegemea utumbo. Ndani yake mna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula na kukipeleka katika damu. Vinyweleo hivyo vikijeruhiwa, chakula huishia kwenye matandazo. Na kwa kuwa chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote za ufugaji huu, hasara humwangukia mwanachama.

Tangu miaka ya 1950, viwanda vya chakula cha mifugo vya Marekani na Ulaya vilitia viuavijasumu katika chakula cha kuku ili wakue upesi. Baadaye ilidhihirika kwamba desturi hiyo huzalisha vijidudu sugu, ambavyo vyaweza kumfikia binadamu. Uswidi iliipiga marufuku mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake tarehe 1 Januari 2006. Hapo ndipo mimea ilipozidi kuchunguzwa badala ya dawa hizo.

Mimea inayotajwa zaidi hupatikana hata katika masoko ya Ujiji. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kitu kinachodhoofisha baadhi ya vijidudu. Tangawizi na manjano hutumiwa kuchochea usagaji wa chakula. Majani makavu ya mlonge huongeza utomwili na vitamini. Lakini yakizidi, nyuzinyuzi zake humpunguzia kuku ukuaji. Inafaa kuanza na kilo moja au mbili za unga wa majani katika kila kilo 100 za chakula, wala isipitishwe kilo tano.

Hata hivyo, matokeo ya majaribio hayalingani. Mimea humsaidia kuku ambaye mambo yake ya msingi yamekwisha kutengenezwa. Kwa mfugaji wa Kasingirima mambo hayo huanza na dagaa. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga, au waliotiwa chumvi nyingi, huharibu mlo: mchanga haulishi, na chumvi huwafanya kuku wanywe maji kupita kiasi na kulowesha matandazo. Mashudu ya kokwa za michikichi nayo yana nyuzinyuzi nyingi, hivyo yatiwe kwa kiasi. Mahindi yenye ukungu yasitumiwe kabisa. Matandazo yawe makavu, maana unyevu ndio unaokuza vimelea vya kuhara damu.

Kabla chama hakijanunua unga wa mimea kwa fedha za wanachama, kifanye jaribio. Vifaranga 100 wa siku moja wagawanywe makundi mawili ya 50, katika banda moja lenye kizuizi katikati. Chakula kiwe kimoja, ila kundi moja litiliwe unga. Katibu aandike daftarini kilo za chakula kilicholiwa na kuku waliokufa, na awapime kuku siku ya 21 na ya 42. Jumla ya chakula igawanywe kwa uzito ulioongezeka: kilo 180 zikizaa kilo 100, jawabu ni 1.8. Kundi lenye jawabu dogo limetumia chakula vizuri zaidi. Kisha bei ya unga ilinganishwe na thamani ya chakula kilichookolewa. Jaribio lirudiwe angalau mara tatu, kwani tofauti ya mara moja yaweza kuwa ya bahati tu.

Ieleweke pia kwamba mimea si chanjo ya kideri wala ya gumboro, na haitibu kuhara damu. Kinyesi kikionyesha damu, afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Kungojea kitunguu saumu kifanye kazi ni kupoteza banda zima. Na dawa ikishatolewa, kuku wasiuzwe wala kuchinjwa hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zimalizike.