Sindano ya uzazi wa mpango haiui kizazi, huchelewesha mimba

WANAWAKE wengi huiogopa sindano ya uzazi wa mpango wakiamini kuwa huharibu kizazi. Ukweli ni kwamba haisababishi ugumba wa kudumu, ila huchelewesha mimba kuliko njia nyingine za muda.

Sindano ya Depo-Provera, ambayo huchomwa kila baada ya miezi mitatu, ina miligramu 150 za homoni. Homoni hiyo huzuia yai kupevuka na kuufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, hivyo mbegu za kiume hushindwa kupenya.

Dawa hiyo hutoka mwilini polepole. Ndiyo maana wanaoiacha hupata mimba, kwa wastani, miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine husubiri zaidi ya mwaka. Miaka ambayo mwanamke ameitumia hairefushi kusubiri huko, na kukosa hedhi katika kipindi hicho si dalili ya ugumba.

Anayepanga kuzaa karibuni hana budi kumweleza mtoa huduma mapema, ili ashauriwe njia nyingine. Asiyetaka mimba naye asiutegemee ucheleweshaji huo, kwani yai laweza kupevuka hata kabla hedhi haijarejea.