Bawabu wa Koo

Mama mmoja mkaazi wa Buxton, Mombasa, aliyeishi miaka mingi na rovu lake chini ya buibui, alinijia siku moja kabla ya upasuaji akiwa na swali ambalo wagonjwa wangu wengi hawaniulizi. Wengi huuliza, "Daktari, nikilala nitaamka?" Yeye aliniuliza, "Mwanangu, hivyo nikiamka nitakohoa? Maana mimi nikikohoa sasa hivi, shingo nzima yanifura." Nikamwambia swali lake ndilo linaloninyima raha mimi kuliko lile la wenzake.

Watu hudhani kazi ya mtu wa usingizi ni kumlaza mgonjwa. Kulaza ni rahisi. Propofoli ikishaingia kwenye mshipa, hufiki ishirini kwa kuhesabu. Shughuli iko katika kumwamsha, na hasa aliyekatwa kooni au shingoni.

Anayepasuliwa shingo hupitishiwa mpira mdomoni, ukateremka katikati ya nyuzi za sauti mpaka ndani ya bomba la hewa. Karibu na ncha ya mpira huo pana kiputo kinachojazwa upepo, ili hewa ya mashine isivuje na mate au damu isiteremke mapafuni. Mgonjwa akiwa amezama usingizini hana habari nao. Lakini dawa inapopungua, koo huamka kabla ya mwenyewe. Mtu bado hajui jina lake wala yuko wapi, koo lake limeshajua kwamba ndani mna mgeni, na linataka kumtoa. Kifua na tumbo hujikaza, damu ya shingo hukosa njia ya kuteremkia moyoni, mishipa hutuna. Na ile mishipa midogo aliyoifunga daktari mpasuaji kwa uzi, au kuichoma ikaziba, hujaribiwa yote kwa pamoja. Aliyewahi kubana mdomo wa mpira wa maji bomba likiwa wazi anajua kiraka dhaifu hufanya nini.

Tumboni, damu kidogo ikivuja huenda mtu asijue. Shingo ni chumba chembamba. Chukua vile vikombe vidogo vya kahawa chungu vya Mji wa Kale: damu ya vikombe viwili vitatu hivyo ikikusanyika chini ya mshono inatosha kumziba mtu pumzi. Hutokea kwa nadra, takriban mgonjwa mmoja katika mia ya waliotolewa tezi ya shingo, na si kikohozi peke yake kinacholeta. Shinikizo la damu lililopanda na fundo lililolegea vimo pia. Ila kikohozi ndicho ninachoweza kukishughulikia mimi niliyeketi upande wa kichwa.

Huku kwetu koo, kikohozi na kisu vimefahamiana zamani. Wazee wengi bado wanaamini mtoto akikohoa bila kupona ni kimeo kimerefuka, apelekwe akakatwe. Nimewaona watoto walioletwa baada ya kukatwa kimeo, wengine wakivuja damu, wengine na homa, na kikohozi chenyewe kiko palepale kwa sababu kimeo hakikuwa na kosa. Naitaja desturi hii kwa kuwa fikra iliyo nyuma yake, kwamba kikohozi ni adui wa kukatwa, hutunyemelea hata sisi wa thieta. Kikohozi ni bawabu. Ndicho kinachozuia mate, damu na matapishi yasiingie mapafuni. Kazi yetu ni kumfanya bawabu huyo asinzie wakati mpira unatoka, kisha aamke mara moja. Tukimuua, tumeuacha mlango wazi.

Kiputo chenyewe kina kisa chake. Katika miaka ya 1920 Arthur Guedel, daktari wa Marekani, alitaka kuwathibitishia wenzake kwamba mpira wenye kiputo hauruhusu tone kupita. Akamlaza mbwa wake kwa dawa, akamtia mpira, akajaza kiputo, kisha akamzamisha mbwa mzima ndani ya tangi la maji akiendelea kupumua kwa mpira. Alipomtoa na dawa kuisha, mbwa alijikung'uta maji akaondoka zake. Aliitwa Airway. Guedel na Ralph Waters walichapisha habari za mpira huo mwaka 1928, na wa leo ni mjukuu wake. Alichokuwa hajakifikiria sana mtu wakati ule ni kwamba kiputo kikijazwa kupita kiasi hugandamiza ukuta wa bomba la hewa, na mgonjwa akaamka na koo linalowasha na kukohoa. Shinikizo linalotakiwa ni sentimita 20 hadi 30 za maji. Gesi ya naitrasi, ikitumika, hupenya taratibu ndani ya kiputo na kukifurisha, kwa hiyo aliyekipima mwanzo tu hajapima. Kukiminya kwa vidole na kusema "hapa pazuri" ni mazoea ambayo ningependa tuyaache.

Yule mama tulianza kujiandaa kumwamsha kabla jeraha halijafungwa. Mpasuaji aliponiambia amemaliza kufunga mishipa, niliinamisha kidogo kitanda upande wa kichwa, nikabana mfuko wa hewa mapafu yakajaa, nikashikilia kwa sekunde kadhaa. Hicho ni kikohozi cha kuigiza. Mshipa mmoja mdogo, uliokuwa mkavu dakika moja iliyopita, ukaanza kutoa damu, naye akaufunga. Bora uvuje mbele ya macho yetu kuliko usiku wodini.

Kisha nikafyonza mate na damu kooni akiwa bado amezama usingizini. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi mpaka wananichoka: ukisubiri mtu aamke nusu ndipo umchokore kooni, kikohozi umekileta wewe. Halafu, dakika chache kabla ya kutoa mpira, lignokaini kwenye mshipa. Ni dawa ileile ya ganzi aliyoibuni Nils Löfgren kule Sweden mwaka 1943, ndugu ya ile ya daktari wa meno, lakini hii isiyochanganywa na adrenalini. Kipimo ni miligramu moja hadi moja na nusu kwa kila kilo ya uzito. Mama alikuwa na kilo 70. Mililita tano za asilimia 2 zilimtosha. Ukiitoa mapema mno nguvu imekwisha kabla ya mpira kutoka, ukizidisha unamkaribisha kwenye hatari nyingine, ya ubongo na ya moyo.

Zipo dawa za kisasa zaidi. Remifentanili huvunjika mwilini kwa dakika chache, kwa hiyo hupitishwa kidogokidogo kwa pampu mpaka mgonjwa afumbue macho, mpira utolewe naye ametulia. Deksmedetomidini humtuliza mtu bila kumkata pumzi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulizilinganisha dawa za aina hii na kuiweka deksmedetomidini mbele, lakini lignokaini nayo ilifua dafu. Kwa anayefanya kazi mahali ambapo pampu moja inagombewa na vyumba vitatu, hiyo ni habari njema.

Mbona basi tusitoe mpira mtu akiwa bado fofofo, kikohozi kisipate nafasi? Hufanyika, na kwa mtoto aliyetolewa mafindofindo wengi wetu hupenda hivyo: analazwa ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo, baada ya kuchungulia nyuma ya kimeo kusiwe na bonge la damu lililojificha. Bonge hilo likidondoka kooni mpira ukishatoka, mtoto anaweza kufa. Kwa rovu kubwa lililokuwa likilibana bomba la hewa kwa miaka, mimi siko tayari. Huenda kuta za bomba zimelegea. Nataka mtu anayenisikia nikimwambia "vuta pumzi".

Sehemu nyingine iko kwa mgonjwa, nayo ni kusema kweli. Wavutaji sigara hukohoa zaidi, na shisha ni moshi vilevile, ingawa ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017 na wapenzi wake hawaihesabu wanapoulizwa. Acha angalau wiki nne kabla. Mafua ya juzi huliacha koo na hasira kwa wiki kadhaa, basi yataje hata kama yamepoa. Na wanaotumia enalaprili au kaptoprili kwa presha wajue kwamba dawa hizo zenyewe huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Daktari anaweza kuzibadilisha mapema, lakini usizikatize mwenyewe. Na chai ya maziwa alfajiri ya upasuaji ni chakula, itaje hata kama "nilionja tu".

Alipoamka yule mama, thieta ilikuwa kimya. Nilikuwa nimeshawaomba waliokuwa wakigonganisha vyombo wasubiri. Nilimwita mara mbili. Alifumbua macho, kiputo nikakipunguza upepo, mpira ukatoka. Akakohoa mara moja, kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Nilimwinua kichwa kitandani, nikawaeleza wanawe. Saa sita za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi, na siku nzima ya kwanza kwa ujumla. Shingo ikifura, sauti ikibadilika, akikosa utulivu au akisema hewa haitoshi, usingoje zamu ibadilike, mwite nesi papo hapo. Bandeji kavu isikudanganye, damu huweza kujaa chini yake.

Asubuhi nilimkuta ameketi. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini yake mwenyewe, naye aliitumia kunilalamikia kwamba uji wa wodini hauna sukari.