Kinanda kidogo, uswahilini kote

Mabendi ya dansi ya Dar es Salaam, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na leo ikiitwa Msondo Ngoma, yalitegemea tarumbeta na saksafoni kunogesha wimbo. Vijana wa uswahilini hawakuwa na fedha za kununulia vyombo hivyo. Wao wakashika kinanda kidogo cha Casio.

Ndipo muziki wa mchiriku ukashamiri. Ngoma za Wazaramo zikabaki palepale, mikono ikizipiga kwa kasi. Kinanda kikachukua nafasi ya tarumbeta, sauti yake nyembamba ikipitishwa kwenye kipaza sauti chenye mdomo wa bati hadi ikakwaruza. Mkwaruzo huo ndio utamu wenyewe. Ukimtazama mpigaji wa kundi la mchiriku la Jagwa Music anayegonga kigoda cha mbao kwa vijiti viwili, unaelewa kwamba hapa hakuna kilichopungua. Mwaka 2012 kundi hilo lilitoa albamu ya Bongo Hotheads kupitia Crammed Discs ya Ubelgiji.

Muziki wa singeli ukafuata, na kompyuta ikaingia. Katika studio ya Sisso, Mburahati, vipande vya taarabu na mchiriku vilikatwa, vikarudiwarudiwa na kuongezwa mwendo hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliupeleka muziki huo nje ya nchi.

Nyumbani, singeli haikuhitaji kutambulishwa: kwenye vigodoro, sherehe za usiku kucha za mitaani, vya Manzese na Temeke ilikuwa imeshakesha na watu miaka mingi.